4x2 SI NANE! Somo la dawa nililolipata kando ya kitanda cha Koko

Najua kijiwe kimekuwa kimya wiki mbili na kuna walioanza kuuliza kama nimefunga blogu. Sijafunga. Nilikuwa naenda na kurudi hospitali, bibi yangu alikuwa amelazwa. Nyumbani tunamwita Koko. Ameshatoka, yuko kwake Ngaramtoni anagombana na kuku kama kawaida, kwa hiyo leo naweza kuandika bila presha.

Leo nataka tuongee kuhusu maneno na alama za watu wa dawa. Wadogo zetu wanaoanza vyuo vya uuguzi wanayakariri haya usiku kucha. Lakini na wewe usiyesoma uuguzi usifunge ukurasa, maana iko siku utaletewa bahasha ya dawa nyumbani na hakuna nesi pembeni wa kukusomea.

ANGALIZO: mimi si daktari wala si nesi. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo tuyaache. Haya nimeyapata kwa sista, mtoto wa mama mkubwa, yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Mimi namchapia notisi zake, yeye ananielezea ninachochapa. Hii makala ameipitia yeye kwanza ndipo nikaiweka hewani.

KOKO ALIVYOPIGA HESABU

Koko alikwenda Mto wa Mbu kwa shangazi, akakaa siku kumi. Jina la ule mji linajieleza. Huku kwetu ubavuni mwa Mlima Meru baridi inawabana mbu, malaria si nyingi kama kule chini, ndiyo maana mtu wa Ngaramtoni akipata homa anawaza mafua kwanza. Aliporudi homa ikaanza. Akapimwa kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, ikaonekana ni malaria. Kwenye karatasi akaandikiwa hivi:

ALu 4 bd 3/7

ALu ndiyo ile tunayoiita dawa ya mseto. Akaenda nayo duka la dawa (duka silitaji), akapewa vidonge 24 ndani ya bahasha ya kaki. Juu ya bahasha imeandikwa kwa kalamu: 4x2. Basi, hakuna kingine.

Sasa Koko si mtu wa kubabaishwa na hesabu. Ameuza ndizi na maharage soko la Kilombero miaka na miaka, chenji yake hujawahi kuipunja. Akasoma 4x2 kama ilivyo: vinne, mara mbili. Akameza vinne jioni, akameza vinne asubuhi. Nne mara mbili ni nane, dozi imekwisha. Vidonge 16 vilivyobaki akavifungia kwenye kopo, "vya wajukuu wakija kuugua."

Baadaye nilimuuliza, Koko, hukushangaa kuona vimebaki vingi hivyo? Akanijibu: "Mjukuu wangu, mwaka 2011 nilikwenda Loliondo kwa Babu, nikanywa kikombe kimoja nikarudi nyumbani. Na ile dawa ya malaria ya zamani ilikuwa vidonge vitatu, unameza mara moja, kwisha. Sasa hivi vyenu mbona haviishi?"

Nikakosa jibu. Na kuhusu ile dawa ya zamani alikuwa anasema kweli kabisa, nitairudia huko chini.

Siku kadhaa alikuwa mzima kabisa, analima. Wiki mbili baadaye homa ikarudi, na safari hii ikaja na kuweweseka. Ananiita kwa jina la babu aliyekufa zamani. Tulikodi gari usiku wa manane kumpeleka hospitali. Malaria kali. Wadau, hiyo safari ya kutoka Ngaramtoni mpaka mjini sitaisahau.

NNE, MBILI, NA TATU CHINI YA SABA

Sista alipoiona ile bahasha alishika kichwa. Akasema dozi ina maswali matatu: VINGAPI kwa mara moja, MARA NGAPI kwa siku, na SIKU NGAPI. Karatasi ya hospitali ilijibu yote matatu. Bahasha ya duka ilijibu mawili. Lile la tatu ndilo lililomrudisha Koko kitandani.

Hizi hapa alama zenyewe. Nyingi ni vifupisho vya Kilatini, lugha ambayo hakuna mtaa unaoiongea siku hizi, lakini madaktari wa dunia nzima bado wanaiandika:

od = mara moja kwa siku (bahasha itaandikwa 1x1)
bd = mara mbili kwa siku (1x2)
tds = mara tatu kwa siku (1x3)
qid = mara nne kwa siku (1x4)
stat = papo hapo, usingoje
prn = pale tu inapohitajika, mfano dawa ya maumivu
po = kwa mdomo
im = sindano ya kwenye msuli
iv = sindano au dripu ya kwenye mshipa

Namba ya kwanza kwenye bahasha ni idadi ya vidonge kwa mara moja. Namba ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 4x2 maana yake vinne asubuhi na vinne jioni, KILA SIKU, mpaka siku zilizoandikwa ziishe.

Halafu kuna ile 3/7. Mimi nilidhani ni tarehe 3 mwezi wa 7! Kumbe ni namna yao ya kuandika siku. Wiki ina siku 7, kwa hiyo 3/7 ni siku 3, na 5/7 ni siku 5. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo 2/52 ni wiki 2. Mwaka una miezi 12, kwa hiyo 3/12 ni miezi 3. Ukishajua hilo huchanganyi tena.

Hesabu ya Koko ilitakiwa iwe 4x2x3, jibu 24. Vidonge vyote vilivyokuwa kwenye bahasha. Hakuna cha wajukuu.

Na hapo kwenye MARA NGAPI kuna mtego mwingine, wa saa. ALu kwa mtu mzima inakwenda hivi: vinne unameza sasa hivi, vinne tena baada ya saa 8, halafu siku ya pili na ya tatu vinne asubuhi na vinne jioni, yaani kila baada ya saa 12. Ukianza saa 2 asubuhi, dozi ya pili ni saa 10 jioni ya siku hiyo hiyo. Sasa wanafunzi wa uuguzi wanaandika saa kwa mtindo wa saa 24: saa 2 asubuhi wanaandika 08:00 na saa 2 usiku wanaandika 20:00. Ukimwambia Koko "meza saa nane" ukiwa na maana ya 08:00, yeye atameza saa nane ya Kiswahili, mchana, saa sita nzima zimepita. Sista anasema akimpa mgonjwa maelekezo anaacha saa za kwenye faili anasema "jua likichomoza" na "ukishakula cha usiku." Nimeipenda hiyo.

KWA NINI SIKU TATU, WAKATI HOMA ILIISHA SIKU MOJA?

Hapa ndipo somo lenyewe la dawa linapoanza. Dawa ikiingia mwilini inapitia hatua nne: INAINGIA kwenye damu, INASAMBAA, INACHAKATWA, INATOKA. Kazi kubwa ya kuchakata ni ya ini. Kutoa ni kazi ya figo kwa njia ya mkojo, na nyingine zinatoka kwa choo kikubwa.

Chukulia daladala ya Ngaramtoni kuja mjini. Kidonge unachomeza kinapanda kituoni, yaani tumboni na kwenye utumbo, na kabla hakijafika mjini kinasimamishwa na trafiki, ambaye ni ini. Dawa nyingine nusu yake inashushwa hapo hapo. Sindano ya mshipa haipiti kwa trafiki, inaingia mjini moja kwa moja. Ndiyo maana mgonjwa mahututi anaanza na sindano, na ndiyo maana kipimo cha sindano na cha kidonge cha dawa ile ile kinaweza kutofautiana.

Sasa kuna kitu kinaitwa nusu-uhai wa dawa. Ni muda ambao nusu ya dawa iliyo kwenye damu inakuwa imeondoka. Tuseme daladala ina abiria 16 na kila kituo nusu yao wanashuka. Wanabaki 8, halafu 4, halafu 2, halafu 1. Vituo vinne tu gari ni jeupe.

ALu ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, ndiyo maana ya mseto. Ya kwanza ni atemetha. Hii ni kali na ya haraka, inaua vimelea wengi sana mwanzoni, lakini nusu-uhai wake ni kama saa 2 hivi. Piga hesabu ya abiria: baada ya saa 8 wamebaki 1 kati ya 16. Ya pili ni lumefantrini. Hii ni ya pole pole, nusu-uhai wake ni siku kadhaa, kazi yake ni kufagia waliobaki.

Umeona mchezo? Atemetha ndiyo iliyomfanya Koko ajisikie mzima kesho yake. Homa ilishuka kwa sababu vimelea wengi walikufa, si kwa sababu wameisha. Kimelea cha malaria kinachukua kama saa 48 kukua ndani ya chembe ya damu mpaka kuipasua. Ukimeza siku moja, umewapiga wa leo. Wa keshokutwa umewaachia lumefantrini kidogo isiyotosha kuwamaliza. Wakazaliana upya, kimya kimya, wiki mbili.

Jambo jingine dogo lakini la maana: lumefantrini inaingia vizuri kwenye damu ikiwa tumboni kuna mafuta kidogo. Kwa hiyo ALu unaimeza pamoja na chakula au glasi ya maziwa. Huku kwetu maziwa si tatizo, tatizo ni kwamba mgonjwa wa homa hataki kula, anameza na maji matupu. Mbembeleze anywe hata maziwa.

HAIPO!

Tukiwa wodini likatokea la pili. Asubuhi nesi akamwambia Mama kwamba usiku Koko alikuwa na haipoglaisemia, wamemwekea glukosi kwenye dripu. Mama kwenye sentensi yote alishika kitu kimoja: SUKARI. Jirani yetu ana kisukari, kwa hiyo Mama akamalizia hadithi mwenyewe. Jioni kaja na uji hauna hata chembe ya sukari, na soda aliyoleta shangazi kaificha chini ya kitanda. Koko ambaye chai yake ni vijiko vinne akanuna, akageukia ukutani.

Sista alipofika akacheka mpaka machozi, halafu akatufundisha kitu ambacho sitakisahau. Kwenye vitabu wanaandika hypo. Kinywani kinatamkwa "haipo." Na maana yake ndiyo hiyo hiyo kama ya Kiswahili: HAIPO ya kutosha! Imepungua. Haipoglaisemia ni sukari kupungua kwenye damu, na malaria kali inajulikana kwa kuleta hilo. Koko alikuwa anahitaji sukari, sisi tunamnyima. Bahati nzuri dripu ilikuwa inafanya kazi.

Kinyume chake ni hyper, yaani haipa: imezidi. Haipaglaisemia ni sukari kuzidi, hiyo sasa ndiyo ya kisukari. Haipotensheni ni presha kushuka, haipatensheni ni presha kupanda. Sikiliza mwenyewe zinavyofanana mdomoni. Mtu akikutajia kwenye simu yenye mikwaruzo, mwambie arudie kwa Kiswahili: imepungua au imezidi? Sista anasema hata wodini wanafundishwa wakipokea maagizo kwa mdomo wayarudie kwa sauti kabla ya kutenda.

Halafu akaniambia nisiogope yale maneno marefu, kwa sababu yanajengwa kama Kiswahili. Sisi tunachukua mzizi tunabandika vipande mbele na nyuma. Ugua, uguza, muuguzi, uuguzi: mzizi mmoja, maneno manne. Na wao hivyo hivyo. Vipande vyenyewe ni hivi:

hepat- = ini
nefr- = figo
gastr- = tumbo
kadi- = moyo
hemat- = damu
-aitisi = uvimbe wenye joto na maumivu
-emia = hali ya damu
-uria = hali ya mkojo
an- = bila, pungufu
taki- = haraka
bradi- = taratibu

Sasa unganisha. Hepataitisi: ini limevimba. Gastraitisi: tumbo. Anemia: upungufu wa damu. Hematuria: damu kwenye mkojo. Takikadia: moyo unakwenda mbio. Bradikadia: moyo unakwenda taratibu mno. Ukijua vipande kumi unasoma maneno hamsini. Nimejaribu mwenyewe kwenye notisi zake na inakubali.

DOZI IKIZIDI: TAZAMA MENO YETU

Kuna watakaosema basi bora kuzidisha kuliko kupunguza. Hapana, chalii wangu. Karne ya 16 daktari mmoja wa Uswisi aitwaye Paracelsus alifundisha kwamba kinachotenganisha dawa na sumu ni kipimo. Sisi watu wa Arusha ushahidi tunao mdomoni.

Meno yetu ya kahawia, yale ambayo ukienda Dar wanakutambua kabla hujasema unatoka wapi, yanatokana na floraidi. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake yanayeyusha madini hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya upande wetu vinazidi hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka, meno yanaota na madoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na kuyachuja maji hayo kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Lakini geuza dawa yako ya mswaki usome nyuma: floraidi! Kidogo inalinda jino, nyingi inaliharibu. Kitu kile kile, kipimo tofauti.

Na ndivyo ilivyo kwa parasetamoli unayoinunua kama pipi. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Tatizo ni kwamba imo ndani ya dawa nyingi za mafua pia. Unameza Panadol kwa kichwa, unaongeza dawa ya mafua, jioni unaongeza ya maumivu ya mwili. Majina matatu, dawa moja, na mzigo wote unaangukia ini. Kwa hiyo usisome jina kubwa la mbele tu. Soma yale maandishi madogo yanayotaja kilichomo ndani.

NARUDI KWA KOKO NA ILE DAWA YA ZAMANI

Nilisema Koko alikuwa na hoja. Zamani tulikuwa na klorokwini, ile ambayo wakubwa wanaikumbuka kwa kuwasha mwili mzima. Vimelea wakaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaingia SP. SP kweli ilikuwa vidonge 3 kwa mara moja, kwisha. Ndiyo kizazi cha Koko kilichozoea. Lakini nayo vimelea wakaizoea haraka, na mwishoni mwa 2006 ikaja ALu. SP ikabaki kuwakinga akina mama wajawazito.

Atemetha inatokana na atemisinini, dawa iliyopatikana kwenye mmea wa Kichina miaka ya 1970 na kumpa mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea huo umeshalimwa mpaka huku kwetu Arusha, kwa ajili ya kutengenezea dawa.

Sasa habari mbaya: watafiti wameshakuta mkoani Kagera, upande wa Karagwe, vimelea wanaochelewa kufa kwa atemisinini. Rwanda na Uganda pia wapo. ALu bado inatibu, tuelewane hapo. Lakini dawa mbili tumeshazipoteza. Sababu ni nyingi, na nusu dozi ni mojawapo, maana kimelea anayeonja dawa kidogo bila kufa ndiye anayebaki kuzaa. Lile kopo la Koko lenye vidonge 16 halikuwa jambo la Ngaramtoni peke yake.

UKIFIKA DIRISHANI, ULIZA

1. Hii dawa inaitwaje, na ni ya nini?
2. Vingapi kwa mara moja?
3. Mara ngapi kwa siku, na kila baada ya saa ngapi?
4. Siku ngapi? (Hakikisha imeandikwa!)
5. Kabla ya chakula au baada?
6. Kuna dawa ninayotumia isiyopatana nayo?

Usione aibu, hata kama foleni nyuma inaguna. Na nyie mnaosoma uuguzi, kesho mkikaa upande wa pili wa dirisha, andikeni ile 3/7 kwa maneno: SIKU TATU. Ni herufi nane tu.

Vile vidonge 16 Sista alivichukua akavikabidhi kwa mfamasia. Watoto wanapewa ALu kwa uzito wa kilo baada ya kupimwa, si kwa kubahatisha kutoka kwenye kopo. Koko alipotoka alipewa ALu nyingine ya kumalizia. Mama akachora jua na mwezi kwenye bahasha, mara tatu. Koko akaitazama, akasema: "Sasa hii ndiyo barua ninayoweza kuisoma."

Amemaliza vyote 24. Nilihesabu mwenyewe.

Na wewe je, nyumbani kwenu kuna kopo? Nani amewahi kusoma bahasha vibaya? Tiririka hapo chini kwenye maoni, na walio wodini mnirekebishe nilipoteleza. Nawasilisha.